Safu ya Tano

Julai, Pelotas. Baridi ya hapa haina adabu,
huingia ofisini bila hodi
na kukalia mafaili kama mkuu wa idara.
Nimepewa fomu kumi na moja, kalamu moja,
na muda hadi Ijumaa, nipime watu.

Umahiri wa kwanza: mawasiliano.
Moja ni dhaifu, tano ni mfano wa kuigwa.
Valdenice Brum, miaka ishirini na sita dirisha la tatu,
maneno yake ya siku nzima utayahesabu kwa vidole
na kidole gumba kibaki.
Lakini jana alikuja mzee na cheti cha kifo cha mkewe,
kimekunjwa mara nne kama barua ya uchumba.
Akavutiwa kiti. Akapewa kibuyu cha shimarau, moto, achangamke.
Valdenice akagonga muhuri polepole,
vile mtu afungavyo mlango wa chumba chenye mgonjwa.
Hayo nayo ni mawasiliano?
Fomu inauliza habari za barua pepe.

Nikaandika mbili. Nikafuta. Karatasi ikachubuka.

Msinielewe vibaya, mimi si adui wa fomu.
Nilikuwapo kabla yake,
vyeo vikigawiwa kwa jina la ukoo,
binamu wa diwani akakabidhiwa bohari
asijue tani wala kilo,
na mkwewe akalipwa kulinda viti vitupu.
Mtu alipimwa kwa harusi alizoalikwa.
Ndiyo maana alipokuja yule binti wa Porto Alegre,
koo limemkauka, slaidi zimemkwamia,
akasema: maarifa, stadi, mwenendo,
nilipiga makofi, tena ya kweli.

Na ni fomu iliyomtoa Odilon ghala la chini.
Miaka tisa anahesabu wino wa printa,
kumbe anasoma bajeti
kama wengine wasomavyo uso wa mdeni.
Nani angejua? Hakuna aliyemuuliza.
Dodoso lilimuuliza.

Basi hapo ndipo nilipokwama.

Umahiri wa nne: ubunifu.
Kabati la sita hufura mvua ikishinda wiki nzima;
Valdenice hulifungua kwa goti na nusu ya tusi.
Siku akistaafu tutavunja kufuli.
Goti nitaliandika safu gani?

Umahiri wa saba: kujali matokeo.
Lengo, mafaili mia mbili na arobaini kwa mwezi.
Yeye, mia na tisini.
Hamsini yaliyopungua nayajua kwa sura:
ni yule mzee;
ni mama asiyejua kusoma, aliyesomewa kila mstari mara mbili;
ni kijana aliyekuja kubadili jina,
mkono ukimtetemeka hadi sahihi ikatoka kama ya mtu mwingine,
akaambiwa, pumua, karatasi zipo tele.
Hawa hawakurudi tena kulalamika.
Asiyerudi hana safu.

Na chini kabisa, kwa herufi za kupekua na miwani:
"Mpimaji anathibitisha kuwa ana umahiri wa kupima."
Kuna kisanduku. Unatia tiki.
Miaka minne nimetia tiki pale bila kusoma.

Ijumaa, saa kumi na moja. Nje ukungu umemeza kanisa.
Nikavuta kiti hadi dirisha la tatu:
Valdenice, wewe ungejipa ngapi?
Akaitazama fomu. Akaigeuza upande mweupe
kama mtu anayetafuta bei.
Akaigeuza tena, akaweka kucha kwenye ukingo.
"Safu ya tano haikuchapika," akasema. "Wino haukufika."

Kweli. Katika fomu zote kumi na moja
palikuwa na weupe mahali pa tano,
na mimi tangu Jumatatu nimezipekua
nisione.

Hakungoja niseme. Akazikusanya, akaenda kuzichapa upya,
na aliponirudishia
zilikuwa bado na joto.